Betri ilikuwa nzima, vyombo vikazima: niliyojifunza ndani ya glaida

Kilichonishtua kwanza ni ukimya.

Nilikuwa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, juu ya vilima vya Schwäbische Alb kusini mwa Ujerumani, saa tatu na dakika ishirini tangu winchi, mashine inayoivuta glaida kwa kebo mpaka ipae, iniachie. Ndani ya glaida hakuna mngurumo wa injini kwa sababu injini yenyewe haipo. Unachosikia ni upepo unaopita juu ya kioo, na mlio wa variometa, chombo kinachokwambia kama hewa uliyomo inakupandisha au inakushusha. Hewa ikipanda, mlio unakuwa mwembamba na wa harakaharaka. Ikishuka, unakuwa mzito na wa kuvuta. Ukishazoea huangalii tena mshale, unasikiliza tu, kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto aliyelala huku mikono yake ikiendelea kuchambua mchele.

Mlio huo ulikatika. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha redio ili niseme nilipo, maana palikuwa na glaida nyingine mbili zikizunguka karibu yangu, na kabla sijamaliza maneno matatu ramani ikawa nyeusi, variometa ikanyamaza, taa ya FLARM, kifaa cha kuonya migongano, ikazima. Nikaachia kitufe. Vyombo vikaanza kuwaka kimoja kimoja, taratibu, kama ndiyo kwanza vimetolewa dukani. Nikabonyeza tena. Vikazima tena.

Niseme mapema kwamba glaida haianguki kwa sababu umeme umekatika. Mshale wa mwendo, altimita inayoonyesha kimo, na variometa ya zamani inayofanya kazi kwa mgandamizo wa hewa havihitaji betri hata kidogo. Ndege inaendelea kuruka vilevile. Lakini FLARM ni kifaa kinachoziambia glaida nyingine upo wapi, na chenyewe kinakuonya zikikukaribia. Kilianza Uswisi mwaka 2004, na leo ni nadra kuona glaida isiyokuwa nacho katika sehemu hizi za Ulaya. Kikizima, wewe huwaoni wao kwenye skrini, na wao hawakuoni kwenye zao. Unabaki na macho na shingo. Nilitoka kwenye ile hewa iliyokuwa ikipanda, nikaenda kutafuta yangu peke yangu mbali na wenzangu, na nikaapa kutogusa kile kitufe mpaka nione uwanja.

Hasara yenyewe niliigundua baada ya kutua. Siku ile nilikuwa natafuta kilomita 300, umbali unaotakiwa kwa nishani ya dhahabu ya kuruka kwa glaida. Unatangaza njia yako kabla ya kuondoka, unazungukia sehemu ulizotaja, na kinasa safari kilichomo ndani ya ndege ndicho kinachotoa ushahidi kwamba kweli ulifika. Nilifika kote. Lakini kinasa safari chetu kilikunywa umeme kwenye betri ileile, na baada ya kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa kikaacha kurekodi kabisa kabla ya sehemu ya mwisho. Msimamizi aliifungua faili mbele yangu kwenye kompyuta. Mstari ulikwenda vizuri, ukageuka, ukageuka tena, halafu ukaishia hewani juu ya msitu. Saa tano za jasho, na mimi sina cha kumwonyesha mtu.

Wote pale walisema neno moja: betri.

Nami niliamini, kwa sababu ndilo jibu linalokuja kwanza kwa kila mtu. Glaida yetu, LS4 ya kiti kimoja, wakati ule ilikuwa na betri moja ya risasi na asidi iliyozibwa, volti 12, AH 7 kama mafundi wa sola wanavyosema, yaani ampea-saa 7, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba. Ni lile tofali dogo la kilo mbili na nusu hivi ambalo huko nyumbani utalikuta kwenye UPS za ofisini na kwenye kengele za ulinzi. Haina jenereta ya kuichaji angani. Unachopanda nacho asubuhi ndicho utakachoishi nacho mpaka jioni.

Kabla ya kununua mpya niliipima ile ya zamani. Nilikuwa nimeichaji usiku kucha, nikaiacha itulie, nikagusisha nyaya za mita kwenye vichwa vyake viwili: volti 12.8. Mzee wa karakana ya klabu, mhandisi mstaafu ambaye mikono yake imegusa glaida nyingi kuliko umri wangu, akachungulia ile namba akasema betri hiyo haina tatizo. Mwingine akasema ina tatizo, ila mita haioni. Nikanunua mpya. Haikufika hata euro 50, nikajiona nimemaliza kazi.

Wiki tatu baadaye nikapanda tena. Saa ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ilipita nikiimba. Saa nne na nusu ilipotimia nikabonyeza kitufe kuwaambia wa chini kwamba nimechelewa, na ukimya ukarudi.

Hapo ndipo betri mpya iliponipoteza zaidi, na nataka nikae kidogo kwenye jambo hili kwa sababu naliona kila mahali, si kwenye ndege tu. Ugonjwa ulikuwa umechelewa kwa zaidi ya saa nzima. Kitu kikichelewa, mtu anafikiri kimeanza kupona. Wenzangu wakaniambia: unaona, betri ndiyo, sasa weka kubwa zaidi. Na kweli, kama ningeweka AH 12 tatizo lingesogea mpaka saa saba angani, nisingelikuta tena kwa sababu sikai angani saa saba, na waya uliokuwa ukioza ungeendelea kuoza nyuma ya kiti.

Kilichonitoa gizani ni kumbukumbu ya nyumbani, Sengerema, Tanzania.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kuchajia betri pembeni ya mashine ya kukoboa mpunga. Miaka hiyo umeme wa gridi ulikuwa haujatufikia. Watu walileta betri za magari kwa baiskeli, saizi ya N50 na N70, zimefungwa kwa mpira wa tairi nyuma ya karia, kwa ajili ya televisheni. Kukiwa na mechi kubwa foleni ilifika barabarani. Kazi yangu nilipokuwa darasa la tano ilikuwa kuandika namba kwa chaki kwenye kila betri ili zisichanganyike. Mteja alipolalamika kwamba betri yake imechajiwa lakini televisheni inazima baada ya nusu saa, mjomba hakuchukua mita. Alichukua taa ya mbele ya gari aliyokuwa ameichomea nyaya mbili nene, akaigusisha kwenye betri, akahesabu polepole huku akiiangalia. Taa ikianza kuwa nyekundu kabla hajafika thelathini, alimwambia mteja betri yako imekufa. Ikibaki nyeupe, alimwambia arudi nyumbani akaangalie nyaya zake. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatumii ile mita tuliyokuwa nayo. Alinijibu, "Mjomba, betri ukiiuliza imekaa itakwambia mzima. Ipe mzigo kwanza, ndiyo uiulize."

Miaka zaidi ya ishirini baadaye nimesimama kwenye karakana Ujerumani na mita ya kidijitali, nimeiuliza betri ikiwa imekaa.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mvua, hakuna aliyeruka. Nikaivuta LS4 ndani, nikafungua paneli, nikatoa kiti. Nilihitaji mkono wa pili, kwa sababu mtu mmoja hawezi kushika kitufe cha redio na kusogeza nyaya za mita nyuma ya kiti kwa wakati mmoja. Binti wa miaka 15 aliyekuwa anajifunza kuruka akajitolea kukaa ndani. Tukakubaliana: nikisema sasa, anabonyeza, anasema "jaribio la redio", anaachia. Sekunde tatu tu, tusiwachoshe watu wa viwanja vya jirani.

Kipimo cha kwanza niliweka kwenye vichwa vya betri, vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Redio ikiwa inasikiliza tu, volti 12.6. Akabonyeza: 12.4. Hiyo ni betri nzuri. Redio inaposikiliza inakunywa kidogo sana, lakini inapoongea inaruka mpaka karibu ampea 2, kwa hiyo kushuka kidogo namna hiyo ni kawaida kabisa.

Kipimo cha pili niliweka kule mwisho wa safari, kwenye plagi inayoingia nyuma ya redio. Ikisikiliza, volti 11.9. Akabonyeza: 10.5.

Nilimwomba abonyeze tena, nikidhani nimeshika vibaya. 10.5.

Karibu volti mbili zilikuwa zinapotea kati ya kiti na paneli, umbali usiofika mita mbili. Hesabu yote ikajipanga kichwani. Asubuhi, betri ikiwa imejaa, redio inapoongea inapata 10.5 na inavumilia. Kadiri saa zinavyokwenda betri inashuka taratibu, kama inavyopaswa kushuka, mpaka inafika 11.8 au hapo karibu. Hiyo bado ni betri yenye uhai. Toa zile mbili zilizopotea njiani: chini ya 10. Na ramani yetu ikipata chini ya volti 10 inajizima. Betri ya zamani ilifika hapo kwenye saa ya nne, mpya ikafika kwenye saa ya tano. Ndiyo tofauti pekee iliyokuwapo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba redio yenyewe ilikuwa ikiniambia. Ina sehemu ndogo kwenye skrini inayoonyesha volti, na kila asubuhi niliona 11.9 nikiwa bado chini, nikajisemea betri hii imechoka. Sikuwahi kwenda kulinganisha na namba ya kwenye betri yenyewe.

Nieleze kidogo kwa nini mita ilinificha hili mwanzoni, maana hata watu wazoefu linawapita. Fikiria mpira wa maji wa bustani uliokunjwa katikati. Ukiwa umefunga bomba la mwisho, maji yatajaa polepole mpaka mwisho wa mpira, na shinikizo litakuwa lilelile pande zote mbili za kile kikunjo. Ukipima hapo utasema mpira mzima. Fungua bomba, ndipo utakapoona yanatoka matone. Umeme ni hivyohivyo: kiungio kibovu kinaonekana pale tu unapopita umeme wa kutosha. Nilikuwa nimejaribu pia kupima kwa ile sehemu ya mita inayotafuta waya uliokatika, na ikalia vizuri kila mahali, kwa sababu mita inapima kwa umeme mdogo mno. Waya wenye uzi mmoja uliobaki utalia sawa na waya mzima.

Sasa ikawa kazi ya kumkamata mwizi. Njia ni rahisi na naipenda sana: badala ya kupima kutoka chanya kwenda hasi, unaweka nyaya zote mbili za mita kwenye waya mmoja, kabla na baada ya kila kiungio, halafu unapitisha mzigo. Kiungio kizima kitaonyesha karibu sifuri. Kinachoonyesha namba ndicho kinachokula.

Nilianza upande mwekundu, kwa sababu kila mtu huanza upande mwekundu. Kishikio cha fyuzi: akabonyeza, volti 0.4. Nilikifungua nikakuta springi yake imelegea na fyuzi inacheza ndani. Swichi kuu: 0.2. Nyaya zenyewe zote pamoja: 0.2. Jumla 0.8, na mimi natafuta 1.9. Nikasogea upande mweusi nikiwa sina matumaini, maana upande wa hasi wengi wetu tunauchukulia kama udongo tu, upo. Niligusisha mbele na nyuma ya plagi inayounganisha betri na ndege.

"Sasa."

"Jaribio la redio."

1.1.

Nilikata ule waya nikauleta kwenye mwanga wa dirisha. Kwa nje ulikuwa umevalishwa mpira mweusi safi kabisa. Nilipouchana ule mpira nikaona kwamba aliyebana kile kiungio alikosa shabaha kwa milimita mbili: meno ya chuma yalikuwa yameuma zaidi ganda la plastiki kuliko shaba. Nyuzi chache tu ndizo zilikuwa zimeshikwa, nyingine zimekatika na kujikunja, na zote zilikuwa na ule ute wa kijani ambao shaba huutoa ikila unyevu. Glaida hukaa ndani ya trela na kwenye mabanda yenye ukungu, asubuhi inatoa jasho. Nilizikwangua kwa ukucha, unga wa kijani ukabaki kwenye kidole. Yule binti alitoka ndani ya ndege kuja kuangalia, akauliza, "Hiki tu?" Hicho tu.

Kazi ya kutengeneza ilikuwa nusu siku. Plagi mpya pande zote mbili, kiungio kilichobanwa kwa koleo lake maalumu na kuvutwa kwa nguvu kabla ya kuvishwa mpira, kishikio kipya cha fyuzi, swichi mpya. Fyuzi tuliisogeza jirani kabisa na betri. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayefunga betri popote: kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na betri ndogo kama hii, nyaya zake zikigusana kwa bahati mbaya, inaweza kuwasha waya mpaka ganda liungue. Ardhini unakimbia. Juu unakimbilia wapi? Mkaguzi wa ndege wa klabu akaja, akavuta kila waya kwa mkono wake, akaandika na kusaini kwenye kitabu cha ndege. Tukapima upya na mzigo: kwenye betri 12.4, nyuma ya redio 12.1.

Ningeweza kuishia hapo, ila ile taa ya mjomba ilikuwa bado inanisumbua. Nilitaka kujua ukweli wa zile betri mbili. Nikachukua taa ya gari ya wati 10, inayokunywa ampea 0.8 hivi, karibu sawa na vyombo vyetu vyote redio ikiwa imenyamaza. Unaifunga kwenye betri iliyojaa, unaandika saa, unapima kila baada ya muda, na volti ikifika 11 unaikata. Mpya ilikwenda saa saba na dakika ishirini, yaani karibu AH 6. Hilo ni sawa, kwa sababu ile 7 iliyoandikwa kwenye ganda hupimwa kwa kuinyonya polepole sana kwa saa 20. Ukiinyonya haraka zaidi inakupa pungufu. Ya zamani ilikwenda saa tano pungufu ya dakika chache. Karibu AH 4.

Kwa hiyo betri ya zamani nayo ilikuwa mgonjwa, na mzee wa karakana pamoja na yule aliyebishana naye wote walikuwa na sehemu ya haki. Magonjwa mawili yalikuwa yamelala kitanda kimoja.

Na huu wa pili tuliuleta wenyewe. Klabu yetu ina tabia, na nadhani klabu nyingi zinayo: Jumapili jioni watu wamechoka, ndege inaingizwa bandani, betri inaachwa ndani mpaka Ijumaa. Betri ya risasi ikikaa imenyonywa, ndani yake hujengeka ukoko wa salfeti kwenye sahani, na ukoko huo ukikomaa chaji haiutoi tena. Mjomba alikuwa akiwaambia wateja kwamba betri haitakiwi kulala na njaa. Waliokuwa wakisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi ndipo walete betri kuchaji, ndio waliokuwa wakinunua betri mpya kila mwaka. Sasa tuna rafu yenye chaja nne mlangoni kabisa, mahali ambapo huwezi kupita bila kuigusa, na kitabu cha ndege hakifungwi kabla betri haijakaa pale.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na marubani wenzangu ni kwa nini nisihamie litiamu. Nimehamia, msimu uliofuata, ile aina ya litiamu yenye chuma na fosfeti ambayo ni tulivu kuliko za simu. Lakini nilihamia baada ya kutengeneza waya, na nashukuru kwa mpangilio huo. Litiamu hukaa karibu na volti 13 muda wote, kwa hiyo ingelificha lile tatizo kwa misimu mingi. Pia ina tabia ambayo lazima uielewe kabla ya kupanda nayo: haikuagi. Betri ya risasi inashuka polepole, unaiona inachoka. Litiamu inasimama wima mpaka dakika za mwisho, halafu kompyuta ndogo iliyomo ndani yake inakata umeme wote kwa mara moja ili isiharibike. Kwa hiyo volti haikuambii imebaki kiasi gani. Unatakiwa kuhesabu saa na ampea, kama dereva wa gari ambalo geji yake ya mafuta imekufa. Haipendi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na Machi kwenye banda letu asubuhi sifuri ni jambo la kawaida, hivyo naibeba nyumbani. Na inataka chaja yake. Zile chaja za risasi zenye mtindo wa kupiga umeme mkali ili kuvunja salfeti zinaweza kuiharibu.

Halafu kuna uzito. Ukiondoa kilo mbili na nusu ukaweka kilo moja, glaida inalijua jambo hilo, kwa sababu mizani ya mbele na nyuma ndiyo inayoamua itakavyokutii. Tulipiga hesabu upya na mkaguzi, tukaiandika. Betri yoyote iwe imefungwa kwa mkanda au fremu inayoweza kuishika ndege ikitua kwa kishindo, maana tofali lile liko nyuma ya kichwa chako.

Siku hizi vyombo vinazidi kuongezeka. Ujerumani ilianza mchezo huu kwa nguvu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mkataba wa Versailles ulipobana ndege zenye injini. Vijana walikusanyika kwenye mlima Wasserkuppe mwaka 1920 na kuruka kwa mbao na vitambaa, bila waya hata mmoja. Sisi tuna redio, FLARM, ramani, kinasa safari, na sehemu nyingine transponda, kifaa kinachoijibu rada, ambayo peke yake inaweza kunywa karibu nusu ampea. Kila anayeongeza chombo huuliza kama kitaenea kwenye paneli. Kabla hajafunga skrubu namwomba aandike kinakunywa kiasi gani, na atakuwa angani saa ngapi.

Mwaka jana kaka yangu alinipigia kutoka Sengerema. Ameweka sola, betri ya AH 100, inveta, televisheni kubwa na friji. Inveta inalia na kujizima kila friji inapojaribu kuwaka, na fundi ameshamwambia betri imekufa, anunue nyingine. Nilimwomba anitumie picha ya nyaya. Kati ya betri na inveta kulikuwa na waya mwembamba wa taa za nyumbani, mita nne, umeungwa katikati kwa kusokotwa na kuviringishwa utepe. Nikamwambia apime kwenye betri, halafu kwenye inveta, friji ikiwa inajaribu kuwaka. Alirudi na namba mbili: 12.3 na 10.1. Alinunua waya mnene na kusogeza inveta karibu na betri. Betri ni ileile mpaka leo.

Zile kilomita 300 nilizipata kiangazi kilichofuata, faili nzima, mstari hauna pengo. Ile taa ya wati 10 inaning'inia kwenye msumari karakana, nyaya zake mbili zimefungwa na vibanio vya mamba, na chini yake kuna karatasi. Kila Machi, kabla ya msimu kuanza, kila betri ya klabu inapitia hapo: namba ya betri, saa ilizowasha taa, na kwa kila ndege volti kwenye betri na volti nyuma ya redio, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Mwandiko wa safu ya mwaka huu ni wa yule binti. Sasa anaruka peke yake. Betri namba tatu imewasha saa nne na dakika hamsini, na pembeni yake ameandika kwa kalamu nyekundu: itumike kwenye trela tu.